Yule Mrefu wa Timu Yetu

Ukumbi wa michezo wa chuo una harufu isiyobadilika popote uendapo. Ni mafuta ya kung'arishia sakafu ya mbao, bisi zilizoungua kidogo, na makoti yaliyoloa theluji yakianza kukauka mabegani mwa watu. Majira ya baridi yaliyopita nilikwenda Buffalo kumsalimia kaka yangu Eliya, ambaye siku hizi ni kocha msaidizi huko, na nilipofungua mlango wa ukumbi harufu hiyo ilinipokea kabla ya mtu yeyote. Nikapanda kukaa juu, karibu na ukuta. Safu mbili mbele yangu walikaa wanaume wawili wa kwetu, fulana za timu wamezivaa juu ya masweta, wakibishana kwa Kiswahili cha Kivu kama watu wanaogombania mpaka wa shamba.

"Ule kijana wa katikati bamutoe," mmoja alisema. "Amechoka."

"Ukimutoa utamuweka nani? Benchi yote iko batoto."

"Bamutoe tu. Kocha eko anangoja nini?"

Ni maneno ya kawaida kabisa. Yanasemwa kila Jumamosi katika kila mji wenye chuo na timu. Lakini mimi nilishika kiti kwa mikono miwili, na ilinibidi nijiambie polepole, kama ninavyowaambia watoto ninaowafundisha kusoma, kwamba kumtoa mchezaji ni kumtoa uwanjani tu. Anakwenda kukaa, anakunywa maji, anajifunika taulo, na mechi ijayo anarudi. Mimi ni mtu mzima, na bado lazima nijieleze jambo hilo. Nataka nikueleze na wewe ni kwa nini.

Nilikulia Louisville, upande wa South End, katika nyumba ya kupanga yenye zulia la rangi ya mchanga na dirisha linalotazama kituo cha basi. Tulikuwa wanne: Mama, Eliya, mimi, na Mjomba Byamungu, kaka yake Mama, ambaye alifanya kazi katika ghala moja kule Okolona na alirudi kila siku akinuka maboksi mapya. Mjomba aliniita Bibi, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Baba hakuwa nasi. Siku ya vipimo vya safari ya kuja Marekani, kule kwenye kambi ya wakimbizi tulikokuwa, madaktari walikuta kifua chake hakiko sawa, wakasema abaki atibiwe kwanza. Yeye ndiye aliyemsukuma Mama apande basi pamoja na sisi. Tangulieni, alisema, mimi nakuja nyuma. Hayo nimesimuliwa. Kumbukumbu yangu mwenyewe ilikuwa ndogo mno: magoti mawili, mfuko wa suruali wenye karanga ndani, na sauti inayotoka juu sana. Mtoto wa miaka minne humjua baba yake mrefu kuanzia chini, na mara nyingi hafiki usoni.

Kwa hiyo nilikuwa namngoja mtu ambaye sura yake sikuijua. Nilijua tu kwamba atakuja, na kwamba siku hiyo nyumba itajaa.

Kama hukukulia katika mji kama ule, nikueleze jambo moja kuhusu mpira wa kikapu wa vyuo. Kikosi cha chuo hakidumu. Wachezaji ni wanafunzi: wanaingia wakiwa vijana wembamba, wanakua, wanamaliza, au wanahamia chuo kingine katikati ya safari. Nafasi ni chache, na kila anayeingia, kuna aliyetoka. Ndiyo sababu mashabiki hawaishii kwenye mechi. Wanazungumza habari za nani amesajiliwa, nani ameachwa, kocha amemwona wapi kijana fulani, na kwa nini amemweka benchi mtu ambaye kila mwenye macho anaona anafaa. Wamarekani aliofanya nao kazi Mjomba walizungumza hayo wakipakua mizigo ghalani, naye aliyaokota huko pamoja na Kiingereza chake. Akayaleta nyumbani kila Jumamosi, yeye na rafiki yake Papa Sifa.

Papa Sifa alitoka milima ya Kivu ya Kusini, kwa wafugaji, na alifanya kazi kiwandani Jeffersontown. Hakuwahi kushika mpira maishani mwake. Aliwapima wachezaji kwa kipimo alichokuwa nacho, yaani ng'ombe.

"Ule mupya kutoka Indiana," Mjomba alisema Jumamosi moja, "kocha amefanya vizuri kumuchukua."

"Umeangalia magoti yake?"

"Sasa magoti inaingiaje?"

"Ndama mwenye magoti ya kugongana hapandi mulima. Kwetu hata kwa mahari haikubaliwi. Banakurudishia."

"Papa Sifa, hapa si milimani kwenu. Hapa ni sakafu."

"Hata sakafu iko na mulima wake. Ngoja kipindi cha pili."

Mama alipita na birika la chai, akawaruka miguu. "Mungekuwa munapanga maisha yenu vile munapanga timu ya watu," alisema, "leo mungekuwa mbali."

"Dada, sisi ni washauri," Mjomba alimjibu. "Kocha tu ndiye hajui."

Nilikuwa nalala kifudifudi kwenye zulia, kidevu juu ya ngumi, na nilipenda sauti zao kuliko mchezo wenyewe. Katika majina yote waliyoyataja alikuwemo mchezaji mmoja asiyetajwa jina. Papa Sifa ndiye aliyekuwa akimuulizia, kila mara bila kuondoa macho kwenye televisheni.

"Na ule mrefu wa timu yetu?"

Mjomba alikuwa na desturi ya kunitazama kwanza, kisha kutazama televisheni. "Bado eko kwa benchi. Kocha anasema kifua kikauke kwanza."

"Nafasi yake hawajapewa bengine?"

"Nafasi iko. Ila bameleta kocha mupya, na kocha mupya anaanza tena vipimo vyote."

"Makocha ya huko," Papa Sifa alisema, akatikisa kichwa. "Kila mwaka mupya."

Wewe umeshaelewa. Yule mrefu alikuwa baba yangu, na makocha walikuwa wale watu wa ofisi waliokuwa wakiamua nani atasafiri na nani atangoja. Kwetu jambo zito halisemwi mbele ya mtoto. Linafunikwa kama chungu. Wazazi wa rafiki zangu walifunika kwa Kifaransa, au kwa lugha ya kijijini kwao. Lakini mimi nilikuwa mwepesi wa kushika lugha, nilishachungulia chini ya vifuniko vyote hivyo, basi wanaume wale wakafunika kwa kitu kilichokuwa karibu na mkono. Walifunika vizuri mno.

"Mjomba," niliuliza, "yule mrefu ni nani?"

"Ni muchezaji, Bibi."

"Mbona hachezi?"

"Anagonjwa."

"Ni mzuri?"

Mjomba aliacha kumenya karanga. "Hakuna kama yeye," alisema. "Ungemuona vile anaingia kwa nyumba. Kwa mulango lazima ainame."

Nilianza kumtafuta. Fikiria kazi niliyojipa: kumtafuta mtu mrefu katika timu ya watu warefu. Nilisogea karibu na kioo mpaka Mama akanivuta kwa mguu. Niliwachunguza wote wanaokaa, maana wanaokimbia hawakunihusu, na mwishoni mwa benchi nikampata. Alikuwa amejifunika taulo jeupe kichwani, mikono ameiachia katikati ya magoti. Wenzake waliposimama kushangilia, yeye alisimama amechelewa, na taulo halikuanguka. Sikuwahi kuuona uso wake. Wiki baada ya wiki kamera ilipita, ikamfikia, na kabla hajainua kichwa ikaondoka.

Huyo nikamfanya wangu. Shule ya Jumapili mwalimu alipouliza tumwombee nani, wenzangu walitaja mabibi zao, mimi nikamtaja yule mrefu mwenye kifua, na watoto wote wakafumba macho wakamwombea. Shuleni tulipoambiwa tuchore mtu tunayempenda, nilichora viatu, soksi, magoti, na kaptura, karatasi ikaisha. Mwalimu aliuliza kichwa kiko wapi. Nilimwambia kichwa kiko juu zaidi, na hilo lilikuwa kweli kabisa. Wakati mwingine, nikiwa peke yangu sebuleni mchana na televisheni imezimwa, niliketi mbele ya kioo cheusi na kuona kivuli kimekaa ndani yake, kimeinama, hakisemi. Kilikuwa kivuli changu mwenyewe. Lakini nilikaa nacho kwa adabu, kama unavyokaa na mgonjwa.

Na kocha nilimchukia. Kila alipopita mbele ya benchi nilisema, leo. Leo atamgusa bega.

Eliya naye alikuwa akikua. Alifanana na Baba, walisema, na mimi sikuwa na njia ya kupinga wala kukubali. Akiwa sekondari kila mtu katika mtaa wetu alijua kwamba kijana yule atafika mbali. Hapo ndipo ilipokuja safari ya Columbus. Kila mwaka, msimu wa vyuo ukiisha, timu za vijana hukutana mji mmoja, zinacheza kutwa katika kumbi kubwa, na makocha wa vyuo wanakaa kandokando kwenye viti vya kukunja wakiwatazama, kama wanunuzi mnadani. Shangazi, dada yake Baba, aliishi huko Columbus. Nikaambiwa tunakwenda kwa ajili ya mashindano, na tutalala kwa Shangazi.

Kabla ya kuondoka Mama alimnyoa Eliya kichwa chote jikoni. Alimnyoa kwa wembe, polepole, Eliya ameketi chini katikati ya magoti yake. Nilidhani ni kwa ajili ya kuongeza mwendo. Nilikuwa nimewaona wachezaji wenye vipara, na kweli walikuwa wepesi.

Nyumba ya Shangazi haikuwa kama nilivyoijua. Makochi yalikuwa yametolewa nje kwenye veranda, yamefunikwa plastiki. Magodoro yalipangwa kando ya kuta zote. Mlango uliachwa wazi ingawa kulikuwa na baridi, na watu waliingia bila kubisha: wanawake waliojifunga vitenge viunoni, wazee ambao sikuwahi kuwaona, magari yenye namba za majimbo mengine yamejaa mpaka barabarani. Nje kwenye maegesho sufuria kubwa zilichemka juu ya majiko ya gesi. Nilimuuliza Mama watu hawa wote wamekuja kufanya nini. Alikuwa ameketi kwenye godoro, ameegemea ukuta, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Beko banakuja kumuona Eliya," alisema.

Nilijaa fahari. Nilijipa kazi ya kukaa mlangoni. Kila mwanamke aliyeingia nilimpa mkono, nikamwambia asante kwa kuja kumwona Eliya. Waliushika uso wangu kwa viganja viwili, wakanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha wakageukia ukuta. Bibi mmoja alinikumbatia kichwa akakibana tumboni mwake, nikahisi tumbo lake linatetemeka, nikafikiri, huyu naye anaupenda mpira.

Wanaume walikuwa kwenye gereji. Nilikwenda huko kumtafuta Mjomba kwa sababu nilidhani kuna televisheni. Hakukuwa na televisheni. Mjomba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na Papa Sifa, aliyekuwa ameendesha basi dogo la kanisa kutoka Louisville, alisimama mbele yake na kofia mkononi.

"Donc, ndiyo kusema kocha amemutoa," Papa Sifa alisema.

"Amemutoa."

"Na alikuwa amekaribia kuingia."

"Jina lilikuwa limetoka," Mjomba alisema. "Bamemupa hadi siku ya kusafiri. Nilishamununulia koti. Sikujua kama mikono itamufikia."

Kisha wakaniona. Papa Sifa alipandisha sauti, akaifanya ile ya Jumamosi. "Kocha mukubwa haulizwi," alisema. "Akitoa, ametoa."

Mjomba alichukua kofia ya Papa Sifa akajifunika nayo uso. Nilikuwa nimeshamwona hivyo, siku timu yetu ilipofungwa katika sekunde za mwisho. Nilijua mashabiki wanaambiana nini. Nikamsogelea, nikamwekea mkono begani.

"Usilie, Mjomba," nilimwambia. "Mwakani watasajili mwingine."

Alitoa sauti ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa kicheko. "Ndiyo, Bibi," alisema ndani ya kofia. "Mwakani."

Niliporudi ndani nilikuwa na huzuni yangu mwenyewe. Mchezaji wangu alikuwa ametolewa, moja kwa moja, wakati amekaribia kuingia, na hakuna aliyekuwa akisema kwa nini.

Kesho yake Eliya alicheza. Watu wazima walikuwa wameshauriana kama acheze au asicheze, na kilichoamua ni kwamba Baba mwenyewe, kwenye simu yake ya mwisho, alisema kijana asiache mpira kwa sababu yake. Hayo nayo niliyajua baadaye. Nilichokiona ni kaka yangu mwenye kichwa king'aacho, akifunga kikapu baada ya kikapu bila kutabasamu, na kila baada ya kufunga akitazama paa la ukumbi. Wenzake walimpiga mgongoni, hakugeuka. Kwenye viti vya kukunja mwanamume mmoja mwenye sweta la bluu alisogeza kiti chake mbele. Huyo alikuwa kocha wa chuo kimoja cha Buffalo.

Labda unauliza kwa nini hawakuniambia. Nimejiuliza pia, na sina hasira tena. Kwetu habari ya kifo cha baba huletwa kwa mtoto na mtu wa damu ya baba, kwa wakati wake, mtoto akiwa amekalishwa na kushikwa. Eliya aliambiwa kwa sababu alikuwa mkubwa. Kwangu mimi Shangazi alisema hawezi, afadhali mama yake. Mama alisema si desturi, afadhali Shangazi. Papa Sifa alishauri wangoje mambo ya Eliya yatulie. Kila mmoja alimngoja mwenzake, na wote walikuwa wananipenda. Huku nyuma mimi niliendelea kumngoja Baba, na kumsikitikia yule mrefu, kana kwamba ni watu wawili.

Katika nchi hii, kocha akitaka kijana, humfuata nyumbani akazungumze na wazazi. Mama alipoambiwa kwamba yule wa Buffalo anakuja, aliwaita Mjomba na Papa Sifa kwa ushauri. Walikaa wakalipima jambo. Mtu mzima anasafiri kutoka mbali. Anataka kumtoa mtoto katika nyumba ya wazazi wake. Anaahidi kumlisha, kumvalisha na kumsomesha.

"Bon," Papa Sifa alisema, "hiyo matembezi tunaijua. Ni posa."

Wakaiandaa kama posa. Mama alipika fufu, sombe la majani ya muhogo, na samaki. Mjomba na Papa Sifa walivaa suti, wakakaa kwenye kochi kama wasemaji wa ukoo. Eliya aliambiwa akae kwenye kona, atazame chini, na asifungue mdomo, kwa maana anayeposwa hajisemei. Ikabaki nani atatafsiri. Kiingereza cha Mjomba kilikuwa cha ghalani: kaza, inua, angalia mgongo wako. Basi nikavalishwa gauni la kanisani, nikawekwa kwenye kiti kidogo katikati. Kama na wewe ulikuwa mkalimani wa nyumbani kwenu ukiwa na meno ya utoto, kwa daktari, kwa mwenye nyumba, shuleni, unajua kiti kile.

Kocha alifika na sweta lilelile. Mjomba alimwacha mlangoni.

"Mwambie tunauliza," Mjomba alisema, "anatafuta nini katika nyumba hii?"

Nilimwambia. Kocha alitazama karatasi ya anwani, akatazama namba ya mlango. "Eliya?" alisema.

"Anasema Eliya."

"Tuko na batoto wengi," Papa Sifa alisema. "Mwenye kuja anajieleza kwanza. Baba yake nani? Kazi yake nini? Anakunywa?"

Yule mgeni alikuwa mtu mwema. Alijibu akiwa bado amesimama kizingitini: baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha unga Buffalo, alikuwa hai, na alikunywa siku za mechi tu. Niliyapeleka hayo kwenye kochi. Papa Sifa alimtazama magoti.

"Ni mutu," alisema. "Aingie."

Alikula vizuri, kwa mkono, akiiga vidole vya Mjomba. Lakini kila mara alimtupia jicho Eliya, na mwisho akaniinamia kuniuliza kwa sauti ndogo kama kaka yangu amekasirika, au hataki chuo chake. Nilimweleza kwamba haruhusiwi kusema. Akauliza haruhusiwi na nani. Nikamwonyesha kochi zima. Mjomba alitaka kujua mgeni anasema nini, nikamwambia anasifu samaki.

Baada ya kula alieleza shauri lake, na nilitafsiri kila kitu. Eliya atasoma bure. Atalala chuoni, atakula chuoni. Kule kuna theluji nyingi, watampa koti. Mama alisikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono ndani ya kitenge.

"Kila mwaka nafasi ni chache," kocha alisema. "Mchezaji wetu wa katikati anaondoka. Nafasi yake ndiyo ninayomletea Eliya."

Nilitafsiri hilo pia. Lakini nilipomaliza sikuweza kuendelea. Kwangu makocha wote walikuwa kitu kimoja, kama mvua, na huyu alikuwa wa kwanza kukaa umbali wa mkono wangu. Nilimuuliza kwa Kiingereza, bila kutumwa na mtu.

"Na yule mrefu mwenye kifua, kwa nini mlimtoa? Alikuwa amekaribia kuingia. Jina lake lilikuwa limeshatoka."

Kocha aliweka glasi chini. "Yupi huyo?" aliuliza. "Anaitwa nani?"

Hilo ndilo sikuwa nalo. Nikamgeukia Mama.

"Mama, kocha anauliza yule mrefu anaitwa nani."

"Mrefu gani?" Mama alisema.

"Yule wa timu yetu. Yule waliyemtoa tukiwa Columbus."

Papa Sifa alishika kichwa. Eliya, kwenye kona, aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu mgeni aingie. Mama aliwatazama wanaume wawili wa kwenye kochi, akiwapitia mmoja baada ya mwingine, na nadhani ndipo alipojua nilikuwa nimesikia kiasi gani.

"Dada," Mjomba alisema, "ngoja. Mugeni aondoke kwanza."

"Ningoje nani tena?" Mama alisema. "Nimengoja shangazi yake. Nimekungoja weye. Mutoto anamuuliza baba yake kwa mugeni."

Alikuja akakaa chini mbele yangu, kwenye zulia, karibu mpaka nikasikia harufu ya sombe mikononi mwake. Lakini hakusema nami. Nafikiri hakuweza kuyasema maneno yale moja kwa moja usoni pangu, na kile kiti kidogo kikampa njia.

"Mwambie anaitwa Sadoki," alisema.

Nikamgeukia kocha. Anaitwa Sadoki.

"Mwambie ndiye baba yake na Eliya. Na ni baba yako."

Mkalimani mdogo hujifunza mapema kutotazama ndani ya anachobeba. Unapokea sentensi, unaivusha, unaitua upande wa pili, unarudi kuchukua nyingine. Kama ulifanya kazi hiyo, nakuambia ulichofanya kilikuwa kikubwa, na hukukosea. Nilivusha. Ni baba yake Eliya, nilimwambia kocha, na ni baba yangu.

"Mwambie amefariki kambini, mbele ya ile safari ya Columbus. Mwambie ndiyo sababu ya kichwa cha Eliya. Ndiyo sababu watu walijaa kwa shangazi yako."

Nilisema yote. Nilisikia Kiingereza changu kikitoka safi, kikiwa na nyakati zake zote za vitenzi, kama walivyotufundisha darasani. Nilipofika mwisho nikagundua kwamba sentensi ya mwisho haikubaki upande ule nilikoitua; ilikuwa imerudi nami.

Kocha aliondoka kwenye kiti. Alipiga magoti kwenye zulia, mtu mzima wa watu, mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Alisema maneno machache, kwa sauti ya chini.

"Anasema nini?" Mama aliuliza.

"Anasema pole."

"Na tena? Amesema na ingine."

"Anauliza mimi nimejua lini."

Mama alinishika miguu yote miwili, juu kidogo ya viatu vya kanisani, akaikaza. "Mujibu," alisema.

Nikamjibu mgeni wetu kwa Kiingereza chake, kwa sauti ya mkalimani, ile isiyo ya mtu yeyote. Nilimwambia: sasa hivi.